Kutoka Barabara ya Mikindani hadi Mbio za Kulipwa: Mwongozo kwa Kijana Anayetaka Kuwa Sprinta wa Baiskeli

Sprinta wa baiskeli huamuliwa kazi yake ndani ya sekunde chache. Barabarani ni mita 200 au 250 za mwisho, baada ya kukaa kwenye kiti saa nne au tano. Ndani ya velodromu, yaani uwanja wa mviringo wenye kingo zilizoinuliwa, ni mizunguko michache tu. Kijana wa Mtwara au Lindi anayeipenda kazi hii kwa kawaida huanza kwa kujiuliza kama ana kasi ya kutosha. Swali hilo lina nafasi yake na nitalijibu, lakini halitoshi. Wenye kasi ni wengi. Wanaofika mita 200 za mwisho wakiwa bado na nguvu miguuni, wakiwa nyuma ya gurudumu linalofaa, na matokeo yao yakaandikwa mahali panapotambulika, ndio wachache, na hao ndio wanaolipwa. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unatumia maneno machache kwenye vifaa na mengi zaidi kwenye mazoezi, kilomita ya mwisho na karatasi.

Barabara kwanza, velodromu baadaye

Tanzania haina velodromu, na kijana wa Kusini asikae akingoja ijengwe. Barani Afrika viwanja hivyo ni vichache, baadhi vikiwa Misri, Nigeria na Afrika Kusini. Cha Cairo kilipokea mashindano ya dunia ya vijana ya velodromu mwaka 2021. Njia inayowezekana kwa mtu wa huku ni kujijenga barabarani, kisha kuingia velodromuni siku atakapopelekwa kwenye kituo chenye uwanja. Wakubwa wa mchezo huu wamezichanganya mbio za aina zote mbili bila shida. Mark Cavendish wa Uingereza, ambaye tarehe 3 Julai 2024 alishinda hatua yake ya 35, yaani mbio ya siku moja, ndani ya Tour de France, mbio za siku nyingi za Ufaransa, na kuipita rekodi ya Eddy Merckx akiwa na umri wa miaka 39, amewahi kuwa bingwa wa dunia wa medisoni, mbio za wawili wanaopokezana velodromuni, na katika Olimpiki ya Rio ya mwaka 2016 alipata medali ya fedha ya omniamu, shindano linalojumlisha pointi za mbio kadhaa za velodromu. Dhahabu ya mashindano hayo ilikwenda kwa Elia Viviani wa Italia, sprinta mwingine wa barabarani. Lorena Wiebes wa Uholanzi alishinda hatua ya kwanza ya Tour de France ya wanawake mwaka 2022, na mwaka 2024 akawa bingwa wa dunia velodromuni wa mbio za skrachi, ambazo wote huanza pamoja na wa kwanza mstarini ndiye mshindi. Safari ya kinyume ni ngumu zaidi. Theo Bos, Mholanzi pia, alikuwa bingwa wa dunia wa sprinti kabla ya kuhamia barabarani, na ingawa alishinda mbio kadhaa huko, hakupata hadhi aliyokuwa nayo velodromuni.

Hata hivyo ni vyema ujue mapema unachokilenga. Velodromu ya kimataifa ina mzunguko wa mita 250, na kingo zake kwenye kona huinuka kwa nyuzi 42 hadi 45. Baiskeli yake haina breki, ina giya moja, na haina friwili, hivyo pedali huzunguka muda wote gurudumu linapozunguka. Katika sprinti, washindani hupimwa kwanza kila mmoja peke yake kwa mita 200 anazoziingia akiwa tayari kwenye kasi, kisha hukutanishwa wawili wawili kwa mizunguko mitatu ambayo mingi yake huwa ya kuviziana. Keirini ilianza Japani mwaka 1948 kama mbio za kuchezewa kamari na ikaingia Olimpiki mwaka 2000: kundi hufuata pikipiki inayopandisha mwendo kutoka kilomita 30 hadi 50 kwa saa, nayo hutoka uwanjani ikiwa imebaki mizunguko mitatu. Timu sprinti ni ya watu watatu, kila mmoja akiongoza mzunguko mmoja kisha kumwachia wa nyuma yake. Kuhusu kasi yenyewe, Nicholas Paul wa Trinidad na Tobago aliweka rekodi ya dunia ya sekunde 9.100 kwa mita 200 huko Cochabamba, Bolivia, mwaka 2019, kwenye mwinuko ambako hewa ni nyepesi. Katika Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024 Harrie Lavreysen wa Uholanzi akaishusha hadi 9.088 na kuondoka na dhahabu tatu. Hiyo ni kasi ya kilomita 79 kwa saa kwa miguu ya binadamu.

Miili ya kazi hizi mbili haifanani. Chris Hoy wa Uingereza, mwenye dhahabu sita za Olimpiki za velodromu, alishindana akiwa na uzito wa zaidi ya kilo 90, na huko misuli hiyo ni mtaji. Barabarani uzito huo unageuka mzigo, kwa sababu mbio za hatua hupita milimani na kila hatua ina muda wa mwisho wa kufika, unaohesabiwa kutokana na muda wa mshindi. Anayechelewa huondolewa mashindanoni hata kama jana yake alishinda. Mwaka 2018, katika hatua ya 11 ya Tour de France iliyoishia La Rosière, Cavendish na Marcel Kittel wa Ujerumani waliondolewa siku moja kwa sababu hiyo. Kijana anayesema kwamba milima haimhusu kwa kuwa yeye ni wa kasi ajue kwamba ni mlima unaoamua kama ataiona siku ya kasi.

Kujipima

Tafuta kipande cha lami kilichonyooka na kilicho tambarare, chenye magari machache, uende alfajiri ya saa 12. Kama huna futi ndefu ya kupimia, tumia gurudumu lako: funga kitambaa kwenye spoki moja, weka kitambaa hicho chini kabisa, kisha isukume baiskeli kwa mkono ukihesabu kila kitambaa kinaporudi chini. Gurudumu la baiskeli ya mbio lenye tairi la milimita 25 hutembea takriban mita 2.1 kwa mzunguko mmoja, hivyo mizunguko 95 inakupa mita 200 zenye kosa dogo tu. Weka alama ya chokaa mwanzo na mwisho. Mwenzako asimame mwisho na saa ya simu, na mwingine anyanyue mkono gurudumu lako la mbele linapogusa alama ya mwanzo. Usianzie umesimama, jivute kutoka mita 300 nyuma, upandishe mwendo taratibu, na uchomoke kabla ya kufika alama.

Sekunde 14.4 ni kilomita 50 kwa saa. Sekunde 12 ni kilomita 60, na sekunde 11.1 ni kilomita 65. Fanya kwenda na kurudi, kisha chukua wastani, kwa kuwa upepo wa pwani yetu unaweza kumfanya mtu wa kawaida ajione bingwa. Kijana anayeanza ambaye anafika kilomita 55 kwa wastani huo, kwa baiskeli ya barabarani na bila mafunzo, ana kitu cha kufanyia kazi.

Kipimo cha pili ndicho ninachokitazama zaidi. Siku nyingine, endesha kwanza saa mbili na nusu kwa mwendo wa kundi, pamoja na vilima, kisha rudi kwenye alama zilezile. Kama muda wako umeongezeka kwa sekunde nusu, uko pazuri. Kama umeongezeka kwa sekunde mbili, kazi ya mwaka mzima unaofuata inajulikana, nayo ni kujenga pumzi na uvumilivu, hata kama marafiki wanakusifu kwa mbio za nguzo hadi nguzo.

Baiskeli

Hapa sitakaa sana. Baiskeli ya chuma ya kubebea mizigo inajenga miguu, lakini haikufundishi kukaa chini kwenye usukani wala kubadilisha giya ukiwa kwenye kasi, kwa hiyo baiskeli ya mbio ya mtumba inayokuenea ni bora kuliko mpya isiyokuenea. Fremu ikague kwenye viungo kwa nyufa, rimu uzizungushe uone kama zinapepesuka, na cheni na sproketi zibadilishwe pamoja, maana cheni mpya juu ya meno yaliyolika huruka, na cheni ikiruka wakati umesimama juu ya pedali kwa nguvu zote unatua kwa bega. Hewa ya chumvi ya Shangani au ya ufukwe wa Lindi hula chuma haraka. Futa cheni na uipake mafuta kila baada ya mazoezi, usingoje ipige kelele. Helmeti usinunue iliyokwisha kuanguka na mtu.

Mazoezi ya wiki

Nguvu ya kuchomoka hutoka kwenye akiba iliyomo ndani ya misuli yenyewe, inayotosha kwa sekunde kama 10 tu, na akiba hiyo hurejea taratibu kwa dakika kadhaa za kupumzika. Kutoka ukweli huo unaweza kupanga karibu mazoezi yote ya kasi. Sprinti za mazoezi ziwe chache, fupi na kamili, zikitenganishwa na mwendo mwepesi wa dakika tano hadi nane. Anayefanya ishirini kwa kupumzika dakika moja moja anajifunza kuchoka, na mwisho wa zoezi anakuwa amerudia mara nyingi kasi ambayo hakuitaka.

Siku ya kwanza ya kasi, tuseme Jumanne, iwe ya kuondoka. Anza kwa mwendo wa mtu anayetembea, ukiwa kwenye giya nzito, mikono ikiwa chini kwenye mkunjo wa usukani. Simama, sukuma mguu mmoja huku mkono wa upande uleule ukivuta usukani, na endelea kwa sekunde nane hadi kumi. Mwenzako akae mbele yako akutazame: baiskeli inaruhusiwa kuyumba chini yako kushoto na kulia, lakini gurudumu la mbele libaki kwenye mstari mmoja, na kidevu kisinyanyuke. Mara tano zinatosha. Siku ya pili, Alhamisi, iwe ya kasi ya juu: ingia sprinti ukiwa tayari kwenye kilomita 45 kwa saa, kwa msaada wa mteremko mdogo au nyuma ya mwenzako, kisha mpite na umalize mita 200.

Katika siku hiyo ya pili ndipo utakapojifunza giya. Ukiwa na meno 53 mbele na 14 nyuma, kila mzunguko wa pedali unakupeleka karibu mita 7.95, na ukizungusha mara 130 kwa dakika unakwenda kilomita 62 kwa saa. Ukiweka 12 nyuma, mzunguko mmoja ni mita 9.27, na mizunguko 110 tu kwa dakika inakupa kilomita 61. Kasi ni ileile, lakini giya ya kwanza inapanda haraka na ya pili inachelewa kuamka. Vijana wengi hukimbilia giya nzito kabisa kwa sababu wamewaona wakubwa, kisha wanapitwa katika mita 50 za kwanza na hawana tena mahali pa kurudisha. Ushauri wangu ni kujifunza kuzungusha haraka kwanza, miezi mingi, kabla ya kutafuta uzito.

Mazoezi ya nguvu nje ya baiskeli yafanyike mara mbili kwa wiki nje ya msimu wa mbio. Asiye na chumba cha mazoezi anaweza kuchuchumaa na kuinuka akiwa na mfuko wa mchanga mabegani, akianza na kilo 20 na kuongeza polepole, mgongo ukiwa umenyooka. Kupanda ngazi mguu mmoja mmoja na kuruka kutoka mahali pamoja kunasaidia vilevile.

Jumapili ni ya safari ndefu. Kutoka Mtwara hadi Lindi kwa njia ya Mikindani na Mingoyo ni zaidi ya kilomita 100, na vilima vyake vinatosha kumchuja mtu. Mara mbili kwa mwezi nenda ukatafute mlima wa kweli kwenye barabara zinazopanda uwanda wa Makonde, hasa ile ya kutoka upande wa Masasi kwenda Newala, baada ya kukagua hali ya barabara. Hapo hutafuti kufika wa kwanza. Unajifunza kupanda kwa mwendo mmoja usiokata pumzi, kama wanavyofanya masprinta wa Ulaya wanaokusanyika nyuma na kusaidiana ili wafike ndani ya muda.

Ijumaa inafaa kuwa siku ya kupumzika kwa vijana wengi wa pwani. Katika mwezi wa Ramadhani, anayefunga apunguze safari ndefu na aweke sprinti chache ndani ya nusu saa kabla ya magharibi, kwa sababu sprinti fupi hazihitaji chakula kingi, na futari iko karibu kurudisha maji.

Joto la unyevunyevu la Kusini lina faida na hasara zake. Linakuzoesha mazingira magumu, lakini linakausha mwili kabla hujahisi kiu. Beba chupa mbili, moja ikiwa na maji, sukari na chumvi kidogo, na katika safari ya zaidi ya saa mbili ule kitu kila baada ya nusu saa: ndizi, kiazi kitamu kilichochemshwa au muhogo. Korosho ni chakula kizuri cha jioni, lakini ina mafuta mengi na hukaa tumboni, kwa hiyo usiitegemee njiani. Msimu wa korosho unapoanza, kuanzia Oktoba, malori huongezeka barabarani, nayo yale ya makaa ya mawe yanayotoka Ruvuma kwenda bandari ya Mtwara hayana msimu. Wa mwisho katika kundi ndiye mwenye kazi ya kupaza sauti, „Gari nyuma!“, na wa mbele apaze „Shimo!“, na kila mmoja ayarudie maneno hayo hadi yamfikie wa mwisho.

Kilomita ya mwisho

Anayeendesha nyuma ya gurudumu la mwenzake anaokoa takriban theluthi ya nguvu zake, na ndiyo maana sprinta hujificha mchana kutwa. Ukibaki kilomita moja kabla ya mstari, uwe ndani ya watu kumi au kumi na watano wa mbele. Aliye wa thelathini atakuwa na kasi ya kutosha na hatakuwa na njia. Timu zenye nguvu hupanga treni: wenzako watatu au wanne mbele yako, kila mmoja akitoa nguvu zake zote kwa mamia machache ya mita, kisha kujitoa pembeni, hadi wa mwisho anapokuacha ukiwa umebakiwa na mita 200. Asiye na treni achague gurudumu la mtu mmoja anayemwamini, akae humo, wala asibadilishe mawazo mara tatu.

Upepo ndio unaoamua uchomoke wapi. Ukivuma usoni, ngoja hadi mita 150, kwa kuwa anayejitokeza mapema anawakinga wote waliomfuata. Ukivuma mgongoni, unaweza kuondoka mita 250 au hata 300, kwa sababu faida ya aliyejificha imepungua. Barabara ya Mtwara kwenda Mikindani ni darasa zuri la jambo hili. Wakati wa kusi, upepo unatoka kusini mashariki, hivyo ukielekea Mikindani unakusukuma nyuma na ubavu wa kushoto, na kinga ya mwenzako iko nyuma kulia kwake, si moja kwa moja mgongoni. Ukirudi Mtwara unaupokea usoni na ubavu wa kulia, na unapaswa kuhamia kushoto kwake. Kaskazi ukiingia, mambo yanabadilika, na watu mliozoea mahali pamoja mnagundua mnapigwa na upepo mahali palepale mlipokuwa mnajificha.

Fanyeni zoezi hili mkiwa wanne. Wa kwanza aongoze mita 500, wa pili 300, wa tatu afungue mita 200, wa nne amalize, kisha mzungushe nafasi ili kila mmoja aonje kazi ya mwenzake. Anayefungua asiongeze mwendo kwa ghafla, kwani atamwacha wa nyuma yake na treni itakatika. Apandishe kama anayebana kamba kidogo kidogo. Ishara ya kuondoka iwe neno moja, „Twende!“, na lisitumike kwa kitu kingine.

Kugusana mabega na viwiko kutatokea, na woga wake unaondolewa mahali laini. Tumieni kiwanja cha nyasi cha shule jioni, mwendo wa kutembea, wawili mkiegemeana bega kwa bega bila kushika breki, kisha gurudumu la mbele likigusa kidogo la nyuma la mwenzako ili mjue linavyosukuma. Kwenye mbio zenyewe kanuni iko wazi: ukishachagua mstari wako katika sprinti usihame na kumbana mwenzako, la sivyo waamuzi watakushusha hadi mwisho wa kundi lako, na ukimwangusha mtu unaweza kuondolewa kabisa. Katika hatua za sprinti za mbio nyingi za hatua, anayeanguka au kupata pancha ndani ya kilomita 3 za mwisho hupewa muda wa kundi alilokuwamo, lakini nafasi yake ya ushindi imekwenda.

Siku moja kabla ya mbio, nenda ukatazame mstari wa mwisho kwa macho yako. Angalia kona ya mwisho iko mita ngapi kutoka kwenye mstari, mchanga umekaa upande gani wa lami, tuta liko wapi, na ni kitu gani kisichohamishika, mti au kibao, kinachosimama penye mita 200. Hicho ndicho kitakachokuambia uondoke, maana ukiwa kwenye kilomita 60 kwa saa husomi maandishi.

Leseni na matokeo yanayohesabika

Ushindi wa mbio za sikukuu unakupa jina mtaani na mara nyingine baiskeli mpya, lakini haukupeleki popote usipokuwa na leseni. Anza kwa afisa michezo wa halmashauri yako, akuunganishe na uongozi wa baiskeli wa mkoa na hatimaye Chama cha Baiskeli Tanzania, CHABATA, ambacho ndicho kinachokutambulisha kwa Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli, UCI. Leseni huja na namba ya UCI yenye tarakimu 11, na hiyo ndiyo itakayobeba matokeo yako maisha yako yote ya mchezo. Andaa cheti cha kuzaliwa na pasipoti mapema. Umri usiuchezee: miaka 17 na 18 ni daraja la vijana, 19 hadi 22 ni chini ya miaka 23, na hesabu hufuata mwaka wa kuzaliwa.

Mbio nyingi za ndani ya nchi ziko mbali na Kusini, hasa Kanda ya Ziwa na mikoa ya kaskazini, kwa hiyo usafiri uwe sehemu ya bajeti yako. Baiskeli inapokwenda na basi, toa magurudumu na pedali, ukikumbuka kwamba pedali ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungusha upande wa kinyume. Kinga kibadilisha giya cha nyuma kwa kipande cha boksi, na weka kijiti kati ya ncha za uma ili zisibanwe na mizigo. Baada ya kila mbio, omba nakala ya matokeo iliyotiwa saini, uipige picha na uitunze.

Pointi za UCI hupatikana kwenye mbio zilizomo katika kalenda yake tu, kama Tour du Rwanda na mashindano ya ubingwa wa Afrika. Jirani yetu Rwanda ndiyo iliyoandaa, mjini Kigali mwezi Septemba 2025, mashindano ya kwanza ya dunia ya barabarani kufanyika Afrika, kwa hiyo mlango uko karibu kuliko zamani. UCI pia ina kituo chake Aigle, Uswisi, chenye velodromu, ambacho hupokea vijana wanaopendekezwa na vyama vya nchi zao. Biniam Girmay wa Eritrea alipitia hapo. Mwaka 2021 alipata fedha katika mashindano ya dunia ya chini ya miaka 23, mwaka 2022 akashinda Gent–Wevelgem, mbio za siku moja za Ubelgiji, na mwaka 2024 akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Tour de France. Akashinda tatu, na akarudi na jezi ya kijani ya pointi. Tazama mpangilio wa miaka hiyo: kila hatua iliandikwa kabla ya inayofuata.

Msichana hana njia tofauti na hii. Suruali ndefu ya kubana na kitambaa chepesi cha kichwa chini ya helmeti havimzuii kwenda kasi, na wazazi wengi hulegea wanapomwona kocha akifika nyumbani kubisha hodi, kuamkia na kueleza ratiba kabla ya mtoto kutoka.

Mkataba, dawa na mwili

Timu za juu kabisa ni za daraja la Dunia, chini yake ziko ProTeam, kisha za Kibara. Anayeingia kwa mara ya kwanza kwenye madaraja mawili ya juu akiwa bado kijana hupewa mkataba usiopungua miaka miwili. Kwenye timu za Kibara UCI hailazimishi mshahara wa chini, kwa hiyo uliza kwa maandishi nani analipa tiketi, malazi, bima ya matibabu na fundi. Wakala awe na kibali cha UCI, na anayekuomba fedha kwanza ili akutafutie timu mwache aende. Fedha za zawadi kwa kawaida hugawanywa kwa timu nzima. Sprinta anayekunja uso kwa desturi hiyo hujikuta treni yake inakatika mapema.

Dawa za dukani ni mtego. Mchezaji anawajibika kwa chochote kinachokutwa mwilini mwake, hata kama alikunywa kwa kutojua. Tramadoli, inayotumiwa na wengi kwa maumivu, imepigwa marufuku wakati wa mashindano na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, tangu tarehe 1 Januari 2024, na baadhi ya dawa za mafua zina viambato vinavyodhibitiwa. Mwambie daktari kabla hajaandika dawa kwamba wewe ni mwanamichezo mwenye leseni.

Mfupa wa mtulinga huvunjika sana katika kazi hii na kwa kawaida huunga. Kichwa ni jambo jingine: ukianguka ukapiga kichwa, usipande tena siku hiyo hata kama unajisikia vizuri. Mwaka 2018 Kristina Vogel wa Ujerumani, bingwa wa Olimpiki, aligongana na mwendeshaji mwingine mazoezini velodromuni akapooza miguu. Bima iwepo kabla ya mazoezi ya kwanza, si kabla ya mbio ya kwanza.

Muda wa kulipwa ni mfupi. Kittel aliacha mwaka 2019 akiwa na miaka 31. Marshall „Major“ Taylor, Mmarekani mweusi aliyekuwa bingwa wa dunia wa sprinti mwaka 1899, alichuma fedha nyingi na akafa maskini mjini Chicago mwaka 1932. Kwa mtu wa Mtwara au Lindi, sehemu ya posho za mwanzo inaweza kwenda kwenye ekari chache za mikorosho, kwa kuwa mche huchukua miaka mitatu hivi kuanza kuzaa na mingi zaidi kufikia uzao kamili, na ndugu anaweza kuusimamia wakati wewe uko kambini. Kozi za ukocha, uamuzi na ufundi wa baiskeli hupatikana kupitia chama cha taifa. Jiandikishe wakati jina lako bado liko kwenye orodha za matokeo, maana nafasi hizo hugawiwa kwa mapendekezo ya chama.